Stesheni za Reli ya Kati: Jengo kama Ushahidi wa Historia

Katika mada ya uchumi wa kikoloni umejifunza kwamba Wajerumani walijenga reli ili kusafirisha malighafi kutoka bara kwenda pwani. Karibu kila mtahiniwa huiandika sentensi hiyo. Wanaoweza kuithibitisha ni wachache. Somo hili linakupa ushahidi unaoweza kuuona kwa macho yako, hasa kama unaishi Dodoma, Manyoni, Tabora au mji wowote uliopitiwa na Reli ya Kati. Ushahidi huo ni stesheni yenyewe: mahali ilipo, vifaa vilivyotumika kuijenga, mpangilio wake na kazi iliyofanya.

Baada ya kusoma somo hili utaweza:
(a) kueleza kwa nini jengo ni chanzo cha historia;
(b) kulinganisha stesheni maarufu za Ulaya na stesheni za Reli ya Kati za wakati uleule;
(c) kutumia maswali manne kulisoma jengo la stesheni;
(d) kujadili hatima ya stesheni za zamani baada ya kuanza kwa reli ya kisasa;
(e) kujibu swali la insha kwa hoja zenye ushahidi.

A. KWA NINI JENGO NI CHANZO CHA HISTORIA

Unavifahamu vyanzo vya historia: masimulizi ya mapokeo, maandishi, akiolojia, isimu, makumbusho na maeneo ya kihistoria. Jengo la zamani linaingia katika kundi la mwisho. Faida yake ni kwamba liliwekwa pale na watu wa wakati ule kwa sababu zao wenyewe, bila kufikiri kwamba siku moja wewe utalichunguza. Mtawala anaweza kuandika katika ripoti kwamba reli inajengwa kwa manufaa ya wenyeji. Lakini ukiona fedha nyingi zilikwenda kwenye magodauni na gati, na fedha kidogo kwenye sehemu ya kusubiri abiria wa daraja la chini, jengo litakuwa limekuambia jambo ambalo ripoti haikulisema.

Hata hivyo jengo lina udhaifu wake. Halitaji majina ya waliochanganya udongo na kubeba mawe. Hufanyiwa ukarabati, hupakwa rangi mpya, huongezwa vyumba. Kwa hiyo mwanahistoria hulisoma jengo pamoja na vyanzo vingine, kama vile kumbukumbu za maandishi, picha za zamani na masimulizi ya wazee.

Zingatia: Uzuri wa jengo si hoja ya kihistoria. Hoja huanza unapouliza uzuri huo ulikusudiwa kuonwa na nani, na gharama yake ililipwa na nani.

B. STESHENI ZA ULAYA ZILIVYOKUWA

Ili uelewe stesheni ya Dodoma, anza kwa kutazama stesheni zilizokuwa zikijengwa Ulaya katika kipindi hichohicho. Katika karne ya 19 reli ilikuwa alama kuu ya mapinduzi ya viwanda. Miji ilishindana kujenga stesheni kubwa kama vile zamani ilivyoshindana kujenga makanisa.

1. St Pancras, London, Uingereza. Paa la sehemu ya treni lilisanifiwa na mhandisi William Henry Barlow na kukamilika mwaka 1868. Ni tao moja la chuma na kioo lenye upana wa mita 73 hivi, bila nguzo hata moja katikati. Mbele yake ilijengwa hoteli kubwa ya matofali mekundu, kazi ya msanifu George Gilbert Scott.

2. Stesheni kuu ya Frankfurt, Ujerumani. Ilifunguliwa mwaka 1888, miaka mitatu tu baada ya kumalizika kwa Mkutano wa Berlin ulioweka kanuni za kuligawa bara la Afrika.

3. Antwerp, Ubelgiji. Jengo la abiria, lenye kuba kubwa na mapambo ya mawe ya thamani, lilikamilika mwaka 1905. Wakati huo mfalme wa Ubelgiji alikuwa Leopold II, ambaye alikuwa akiitawala Kongo kama mali yake binafsi. Mpira na pembe za ndovu kutoka Kongo zilishushwa katika bandari ya mji huohuo wa Antwerp.

4. Gare d'Orsay, Paris, Ufaransa. Ilifunguliwa mwaka 1900 kwa ajili ya wageni wa maonyesho makubwa ya kimataifa. Leo ni jumba la makumbusho ya sanaa, tangu mwaka 1986.

Utaona kwamba stesheni hizi zina mambo matatu yanayofanana. Kwanza, zilitumia chuma na kioo, bidhaa za viwanda vyao wenyewe. Pili, zilikuwa na kumbi kubwa za abiria, kwa sababu abiria walikuwa wengi na biashara ya kuwasafirisha ilileta faida. Tatu, zilijengwa kuitukuza nchi na mji mbele ya raia wake na wageni wake.

C. KAMPUNI MOJA, MAJENGO MAWILI TOFAUTI

Huu ni mfano wenye nguvu sana katika insha, kwa hiyo ujifunze vizuri.

Mkandarasi aliyejenga Reli ya Kati alikuwa kampuni ya Philipp Holzmann kutoka mji wa Frankfurt. Kazi ilianza Dar es Salaam mwaka 1905. Mwaka uliofuata, 1906, kampuni hiyohiyo ilianza kujenga stesheni ya Haydarpaşa mjini Istanbul, katika Dola ya Uthmaniya, yaani Uturuki ya leo. Stesheni hiyo ilizinduliwa mwaka 1909. Imesimama ukingoni mwa bahari juu ya nguzo 1,100 za mbao zilizochimbiwa chini, na kwa mbali huonekana kama kasri la mfalme.

Kwa hiyo, katika miaka ileile, kampuni moja ilikuwa ikijenga kasri Istanbul na stesheni ndogo za kawaida katika nyika ya Ugogo. Je, mafundi wake hawakujua kujenga majengo makubwa? Walijua. Tofauti ilitokana na lengo. Istanbul ilikuwa makao makuu ya dola iliyojitegemea, na Ujerumani ilitaka urafiki na biashara yake. Ugogo ilikuwa sehemu ya koloni. Huko hapakuwa na mtu ambaye mkoloni aliona haja ya kumpendeza. Alihitaji maji kwa ajili ya injini ya mvuke, godauni la mizigo, chumba cha simu, dirisha la tiketi na nyumba ya mkuu wa stesheni.

D. RELI INAINGIA NYANDA ZA KATI

Jifunze tarehe hizi kwa mfuatano wake:

1905 – Ujenzi waanza Dar es Salaam. Mwaka huohuo Vita vya Maji Maji vinaanza kusini.
1907 – Reli yafika Morogoro.
1910 – Reli yafika Dodoma.
1912 – Reli yafika Tabora.
1914, Februari – Reli yafika Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam.
1914, Agosti – Vita ya Kwanza ya Dunia yaanza.
1928 – Tawi la Tabora hadi Mwanza lakamilika chini ya Waingereza.

Tazama pengo kati ya Februari na Agosti 1914. Wajerumani waliitumia reli nzima kwa amani kwa muda wa miezi sita tu.

Nani alijenga? Kampuni ilikuwa ya Wajerumani, lakini mikono ilikuwa ya Waafrika kwa maelfu. Wanyamwezi, waliokuwa na sifa ya upagazi wa safari ndefu tangu enzi za misafara, walikuwa wengi miongoni mwao. Baadhi walifuata ujira, na wengine walisukumwa na kodi iliyodaiwa kwa fedha taslimu. Walikata vichaka, walipasua miamba, walijenga matuta, walibeba mataruma na vyuma vya reli. Majina yao hayamo kwenye ukuta wa stesheni yoyote. Ukiandika "Wajerumani walijenga reli", ongeza mara moja kwamba waliijenga kwa nguvu kazi ya Waafrika.

E. MASWALI MANNE YA KULISOMA JENGO LA STESHENI

Swali la 1: Stesheni iko wapi, na kwa nini iko hapo?

Reli ya Kati ilifuata kwa kiasi kikubwa njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Tabora na Ujiji. Lakini haikupita kila mji wa zamani. Ilianzia Dar es Salaam badala ya Bagamoyo, na ikaishia Kigoma badala ya Ujiji. Katika nyanda za kati, Mpwapwa, kituo mashuhuri cha misafara, iliachwa pembeni, na stesheni ya karibu yake ikawa Gulwe. Kilimatinde, iliyokuwa ngome ya Wajerumani, nayo ilikosa reli, na Manyoni ndiyo iliyokua. Dodoma yenyewe ilikuwa kijiji cha Wagogo kabla ya mwaka 1910. Baada ya treni kufika, maduka, ofisi za serikali na hoteli ya wasafiri vilijengwa karibu na stesheni, na mji ukakua kutoka hapo.

Hoja ya kuandika: Reli ilibadili ramani ya miji. Iliinua miji mipya na kudidimiza miji ya misafara.

Swali la 2: Imejengwa kwa vifaa gani, na kwa umbo gani?

Majengo ya Wajerumani kando ya reli hii yana kuta nene za mawe, madirisha marefu, dari za juu na baraza zenye kivuli. Hayo yalisaidia kupunguza joto. Tazama pia paa la stesheni ya Tabora, lenye mteremko mkali. Ujerumani, paa la namna hiyo huzuia theluji kurundikana juu ya nyumba. Tabora hakuna theluji. Kwa nini basi lilijengwa hivyo? Kwa sababu mjenzi alileta umbo la nyumba ya kwao, na kwa kufanya hivyo alitangaza kwamba mwenye mamlaka hapo ni nani. Jengo moja linaweza kubeba mambo mawili kwa pamoja: baraza inayokubali hali ya hewa ya Unyamwezi, na paa linaloikumbuka Ulaya.

Sasa fikiria Kigoma. Huko Wajerumani walijenga stesheni kubwa ya ghorofa, karibu na Ziwa Tanganyika. Mji ulikuwa mdogo, kwa nini jengo likawa kubwa? Jibu liko ng'ambo ya ziwa. Ujerumani ilitarajia kuvuta biashara ya mashariki mwa Kongo, iliyokuwa chini ya Ubelgiji, ipite katika reli yake hadi Dar es Salaam. Stesheni ya Kigoma ilikuwa mlango wa kuwakaribisha wafanyabiashara hao.

Hoja ya kuandika: Ukubwa wa stesheni haukufuata idadi ya wenyeji. Ulifuata matarajio ya biashara na siasa za mkoloni.

Swali la 3: Vyumba na nafasi vimepangwaje?

Abiria wa enzi za ukoloni walipangwa kwa madaraja. Daraja la kwanza na la pili yalitumiwa zaidi na Wazungu na Waasia, na daraja la tatu ndilo lililobeba Waafrika wengi. Ukitembelea stesheni ya zamani, uliza wazee au wafanyakazi wa reli: wapi palikuwa chumba cha kusubiri cha daraja la kwanza? Wa daraja la tatu walisubiri wapi? Pima kwa hatua nafasi ya godauni, kisha pima nafasi ya abiria. Andika namba zako. Namba hizo ni data ya utafiti wako mwenyewe.

Hoja ya kuandika: Mpangilio wa stesheni unaonesha matabaka ya jamii ya kikoloni.

Swali la 4: Stesheni ilitumikaje, na nani aliitumia?

Hapa ndipo wengi hukosea. Huandika kana kwamba stesheni ilibaki mali ya mkoloni tangu mwanzo hadi mwisho. Historia haionyeshi hivyo.

F. STESHENI KATIKA MATUKIO YA NCHI

Vita na njaa. Mwaka 1916 vita viliifuata reli. Majeshi ya Uingereza yaliiteka Dodoma mwezi Julai, na Wabelgiji wakaiteka Kigoma mwezi huohuo, kisha Tabora mwezi Septemba. Kila upande uliitaka reli kwa sababu aliyeishika alipitisha askari na chakula. Ugogo ilinyang'anywa nafaka na ng'ombe, na watu wakachukuliwa kuwa wapagazi. Ukame ulipoongezeka, ikaja njaa kali ya mwaka 1917 hadi 1920 ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Huu ni ushahidi kwamba reli iliyoleta mizigo mjini haikuwa kinga ya njaa vijijini.

Migomo ya wafanyakazi. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma. Mgomo haukubaki pwani. Ulipanda na reli hadi miji ya bara, Dodoma ikiwemo. Njia iliyojengwa kubeba karanga, ngozi na pamba sasa ilibeba habari za mgomo. Mwaka 1960, karibu na uhuru, wafanyakazi wa reli wa Tanganyika waligoma kwa siku 82.

Makao makuu. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Sababu mojawapo iliyoifanya Dodoma ifae ni kwamba iko katikati ya nchi, mahali ambapo Reli ya Kati inakutana na barabara kuu inayotoka kaskazini kwenda kusini. Uamuzi wa wahandisi wa kikoloni wa kuipitisha reli hapo ukaja kutumiwa na taifa huru kwa malengo yake.

G. STESHENI MPYA NA HATIMA YA ZA ZAMANI

Julai 2024 treni za abiria za reli ya kisasa, maarufu kama SGR, zilianza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Reli hii inatumia umeme na ina upana wa milimita 1,435, wakati reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000. Stesheni mpya ya Dar es Salaam imejengwa kwa umbo la kito cha tanzanaiti, madini yanayopatikana Tanzania peke yake. Stesheni mpya ya Dodoma imejengwa Mkonze, mbali na ile ya zamani iliyo katikati ya mji.

Linganisha sasa. Paa la Tabora lilileta umbo la nyumba za Ujerumani. Jengo jipya la Dar es Salaam limechukua umbo kutoka katika ardhi ya Tanzania. Maswali yako manne yanafanya kazi hapa pia: liko wapi, limejengwa kwa nini, limepangwaje, linatumiwa na nani? Usiache kuuliza kwa sababu tu jengo ni letu.

Stesheni za zamani bado zinatumika kwa treni za reli ya zamani, lakini umuhimu wake kwa abiria unapungua kadiri reli mpya inavyosonga mbele. Je, zitalindwa? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Stesheni za Reli ya Kati zilijengwa kati ya 1905 na 1914, kwa hiyo hazimo katika ulinzi huo wa moja kwa moja. Jengo la baada ya 1863 hulindwa kwa sheria hiyo pale Waziri mwenye dhamana anapolitangaza rasmi. Maana yake ni kwamba urithi huu unategemea watu wanaojua thamani yake na kuisemea.

Nchi nyingine zimepita njia hii. St Pancras ilinusurika kubomolewa katika miaka ya 1960, ikawekwa chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1967, na mwaka 2007 ikafunguliwa upya kwa treni za kimataifa. Gare d'Orsay iligeuzwa makumbusho. Jirani zetu wa Nairobi wana Makumbusho ya Reli tangu mwaka 1971. Kwa hiyo jengo la zamani linaweza kupata kazi mpya bila kupoteza historia yake.

H. MAKOSA YANAYOPUNGUZA ALAMA

1. Kuchanganya reli. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Reli ya Kati ilianza mwaka 1905. TAZARA ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Hizi ni reli tatu tofauti.

2. Kuandika kwamba Waingereza ndio waliojenga reli ya Dar es Salaam hadi Kigoma. Waingereza waliongeza tawi la Mwanza.

3. Kuorodhesha hoja bila mfano. "Reli ilikuza miji" ni nusu ya hoja. "Reli ilikuza Manyoni na kuiacha Kilimatinde" ni hoja kamili.

4. Kusifu au kulaani tu. Swali la kujadili linataka pande zote mbili na msimamo wako mwishoni.

I. SWALI LA MFANO NA JIBU LAKE

Swali: "Stesheni za Reli ya Kati zilijengwa kwa manufaa ya mkoloni peke yake." Jadili kauli hii kwa kutumia mifano kutoka Tanzania.

Jibu:

Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani kuanzia mwaka 1905 hadi 1914, kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Stesheni zake zilikuwa vituo vya kukusanyia mizigo, kuongezea injini maji na kusimamia utawala. Kauli hii ni kweli tukitazama lengo la wajenzi, lakini si kweli tukitazama matumizi ya baadaye.

Kwanza, mahali pa stesheni palichaguliwa kwa masilahi ya mkoloni. Miji ya misafara kama Bagamoyo, Mpwapwa na Ujiji iliachwa, na biashara ikahamia Dar es Salaam, Dodoma na Kigoma, ambako serikali iliweza kuidhibiti.

Pili, ukubwa wa majengo ulifuata matarajio ya mkoloni. Stesheni ya Kigoma ilijengwa kubwa ili kuvutia biashara ya Kongo. Kampuni ya Holzmann, iliyojenga stesheni ya fahari ya Haydarpaşa mjini Istanbul, ilijenga stesheni nyingi za kawaida tu katika nyanda za kati.

Tatu, madaraja ya abiria yalidumisha ubaguzi. Waafrika wengi walisafiri daraja la tatu, ingawa wao ndio waliotoa nguvu kazi ya ujenzi na kodi.

Nne, wakati wa vita ya mwaka 1914 hadi 1918 reli ilitumika kijeshi. Wananchi wa Ugogo walipoteza mifugo na nafaka, jambo lililochangia njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920.

Kwa upande mwingine, wananchi walizitumia stesheni kwa malengo yao. Mgomo wa makuli wa mwaka 1947 ulisambaa kupitia miji ya reli hadi bara. Wafanyakazi wa reli waligoma kwa siku 82 mwaka 1960 kudai haki zao.

Vilevile, taifa huru lilinufaika na mahali stesheni zilipojengwa. Kupitiwa na reli kulikuwa sababu mojawapo ya Dodoma kuchaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973.

Kwa kuhitimisha, stesheni za Reli ya Kati zilijengwa kwa manufaa ya mkoloni, na majengo yenyewe yanashuhudia hivyo. Hata hivyo, neno "peke yake" halikubaliki, kwa sababu Waafrika waliozijenga walizigeuza kuwa vituo vya kupashana habari, kudai haki na kujenga taifa.

Angalia jinsi jibu lilivyokamata neno "peke yake" katika swali. Kauli nyingi za kujadili huwa na neno moja la namna hiyo. Litafute kabla hujaanza kuandika.

J. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja faida mbili na udhaifu mmoja wa kutumia jengo kama chanzo cha historia.

2. Panga matukio haya kwa mfuatano wa wakati: reli kufika Tabora, kuzinduliwa kwa stesheni ya Haydarpaşa, reli kufika Dodoma, kukamilika kwa tawi la Mwanza, kukamilika kwa stesheni ya Antwerp.

3. Eleza kwa nini stesheni ya Antwerp na stesheni ya Kigoma zote mbili zina uhusiano na historia ya Kongo.

4. "Reli huinua mji mmoja na kudidimiza mwingine." Thibitisha kwa mifano mitatu.

5. Kazi ya nje ya darasa: Nenda katika stesheni ya karibu nawe, au jengo lingine la umma la zamani. Omba ruhusa kwa mkuu wa stesheni au msimamizi wa jengo. Lijibu kila swali kati ya yale manne kwa aya moja, kisha mhoji mzee mmoja aliyelitumia jengo hilo zamani. Mwisho, andika aya moja ya kupendekeza jengo hilo litumikeje miaka ijayo, na utoe sababu.

Jibu la swali la 2: Antwerp (1905), Haydarpaşa (1909), Dodoma (1910), Tabora (1912), tawi la Mwanza (1928).

Dokezo la swali la 3: Kwa Antwerp, tazama mali iliyotoka Kongo kwa meli. Kwa Kigoma, tazama mali iliyotarajiwa kuvuka ziwa.